Mikono ya Kwanza Barabarani: Yale Anayojifunza Mwanafunzi wa Tiba ya Dharura

Kati ya mahali ajali inapotokea na kitanda cha hospitali pana nafasi ambayo kwa miaka mingi haikuwa na mwenyewe. Daktari yuko hospitalini akisubiri. Ndugu wa majeruhi hawajapata habari. Askari wa doria ndiyo kwanza wanaitwa. Katika nafasi hiyo huwapo mpita njia, mwendesha bodaboda, mwenye kibanda cha matunda na, punde si punde, askari polisi. Mara nyingi uhai wa mtu huamuliwa hapo, kabla gari la wagonjwa halijawasha king'ora chake.

Sisi tunaowaletea kijarida hiki tumeona vyema safari hii tuwaeleze wananchi juu ya mtu anayeandaliwa kuishika nafasi hiyo, yaani mwanafunzi wa tiba ya dharura. Wengi wetu tunaliona gari lake likipita barabara ya Jinja au ya Masaka, tunalipisha, kisha tunasahau. Ni wachache wanaojua anafundishwa nini, kwa nini hafanyi yale ambayo umati humshinikiza afanye, na kwa nini kazi yake haiwezi kufaulu bila sisi tuliotangulia kufika. Tunaamini kwamba mwananchi akiyajua haya, naye askari akiyajua, wataacha kuvutana juu ya majeruhi na watashirikiana kumwokoa.

Mwanafunzi huyu ni nani?

Mhudumu wa tiba ya dharura si daktari, wala si dereva aliyevishwa fulana yenye msalaba. Ni mtu aliyefunzwa kumkuta mgonjwa pale alipoangukia, kumzuia asife kwa jambo linalozuilika, kumsafirisha bila kumwongezea jeraha, na kumkabidhi kwa madaktari pamoja na taarifa sahihi. Hatarajiwi kuponya. Anatarajiwa kumfikisha mgonjwa akiwa hai.

Nchini Uganda kazi hii ni changa kuliko udaktari na uuguzi. Mwaka 2021 Wizara ya Afya ilitoa sera ya taifa ya huduma za dharura za kitabibu, ili gari la wagonjwa lisiwe chombo cha kubebea watu tu, bali mahali ambapo matibabu huanzia. Miaka michache kabla ya hapo, mnamo 2018, Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walikuwa wametoa kozi ya msingi ya huduma ya dharura kwa wahudumu walio mstari wa mbele. Kozi hiyo ilijaribiwa kwanza Uganda, Tanzania na Zambia, nchi ambazo barabara zake na zahanati zake zinafanana na zile tunazozijua.

Wanaojiunga na mafunzo haya hutoka pande nyingi. Wamo vijana waliomaliza shule, wauguzi wanaotaka kuongeza ujuzi, madereva, watu wa zimamoto na askari. Huketi benchi moja, na hilo lina maana yake: siku ya ajali watakutana tena barabarani, kila mmoja na sare yake.

Somo la kwanza ni kusimama

Mwanafunzi huja darasani akidhani atafundishwa kukimbia. Jambo la kwanza analoambiwa ni kusimama. Afikapo mahali pa tukio hatakiwi kuruka kutoka garini na kumwendea majeruhi. Hutakiwa kutulia kwa nukta chache, atazame na kujiuliza. Je, magari yamesimamishwa? Je, waya wa umeme umeanguka? Je, mafuta yanamwagika? Je, aliyemdhuru huyu bado yupo hapa na silaha yake? Sababu ni nyepesi kueleweka: mwokoaji akiumia, majeruhi wamekuwa wawili na mwokoaji hakuna.

Somo hili ni gumu kulishika kuliko linavyosikika. Wanafunzi tuliozungumza nao wanasema kwamba katika mazoezi ya mwanzo karibu kila mtu humkimbilia anayelia, na mwalimu humsimamisha na kumwambia kwamba ameshakufa, maana hakuuona waya uliolazwa nyasini makusudi.

Kanda yetu imelipia somo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 2 Julai 2010, katika kijiji cha Sange, mkoani Kivu Kusini nchini Kongo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, wengine wakayachota mafuta, na moto uliolipuka uliua zaidi ya watu 230. Tarehe 10 Agosti 2019, mjini Morogoro nchini Tanzania, mkasa wa namna ileile uliwaua zaidi ya watu 100. Na hapa kwetu, tarehe 22 Oktoba 2024, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto huko Kigoogwa, kwenye barabara itokayo Kampala kwenda Gulu, likaua zaidi ya watu 10. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia mitaroni, na huwashwa na cheche ndogo ya sigara au ya injini iliyo mbali na lori lenyewe. Kwa hiyo askari anapowasukuma watu nyuma ya utepe, na mhudumu wa dharura anaposimama mbali akisubiri zimamoto, hawaonyeshi ubaridi wa moyo. Wanatii somo lao la kwanza.

Katika somo hilohilo mwanafunzi hufundishwa kuvaa glavu kabla ya kugusa damu au matapishi ya mtu yeyote. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Septemba 2022 kutoka wilaya ya Mubende, ukatangazwa kwisha Januari 2023, uliwaua pia wahudumu wa afya. Tangu hapo hakuna mwalimu wa tiba ya dharura nchini anayelichukulia jambo la glavu kuwa dogo. Asiye na glavu aweza kutumia mfuko safi wa plastiki mkononi. Si kinga kamili, lakini ni bora kuliko mkono mtupu.

Hatua tano zisizobadilishwa

Baada ya kusimama, mwanafunzi hufundishwa utaratibu. Kila majeruhi na kila mgonjwa hukaguliwa kwa hatua tano, na hatua hizo hazirukwi wala hazibadilishwi nafasi: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, hali ya fahamu, na mwisho kuufunua mwili ili kutafuta majeraha yaliyojificha, kisha kuufunika tena usipatwe na baridi.

Mpangilio huu una sababu. Ubongo ukikosa hewa safi huanza kudhurika katika muda wa dakika nne hadi sita hivi. Mguu uliovunjika waweza kusubiri saa nzima. Koo lililozibwa na ulimi, damu au meno haliwezi kusubiri. Hapa ndipo mwanafunzi na umati hutofautiana. Umati huliona jeraha linalotisha, mfupa uliochomoza au mkono uliopinda, na hupiga kelele kwamba hilo ndilo lishughulikiwe. Mwanafunzi hufundishwa kumwendea kwanza yule aliyenyamaza. Anayelia anapumua, aliyenyamaza huenda hapumui.

Pana jambo moja tu linaloweza kuitangulia njia ya hewa, nalo ni damu inayochuruzika kwa nguvu. Mwili wa mtu mzima una damu ya lita tano hivi. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, damu hiyo yaweza kuisha kabla gari la wagonjwa halijaondoka hospitalini. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kukandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi na kutoondoa mkono ili kuchungulia, kwani kila anapochungulia huvunja kidonge cha damu kilichoanza kuganda. Mkono au mguu ukiendelea kumwaga damu licha ya kukandamizwa, hutumia mkanda wa kukaza, anaoufunga juu ya jeraha kwa umbali wa sentimita tano hadi nane, mbali na kiungo cha goti au kiwiko, kisha huandika saa aliyoufunga. Saa hiyo ni muhimu kwa daktari kama mkanda wenyewe.

Kuhusu fahamu, mwanafunzi hupewa maswali manne mepesi. Je, mgonjwa yu macho? Kama si hivyo, je, huitika akiitwa? Kama haitiki, je, hushtuka akiumizwa kidogo? Au hashtuki kabisa? Majibu hayo huandikwa na kurudiwa kila baada ya dakika chache, kwa maana mtu aliyekuwa akizungumza saa nne na nusu na kunyamaza saa tano kasorobo ametoa habari kubwa kuliko jeraha lolote linaloonekana.

Mikono hufundishwa kwa kurudia

Sehemu kubwa ya mafunzo si vitabu. Ni magoti sakafuni. Mwanafunzi hupiga magoti mbele ya mwanasesere wa mazoezi, huweka kiganja katikati ya kifua, huweka cha pili juu yake, hunyoosha viwiko na kukandamiza: kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kisha pumzi mbili. Baada ya dakika mbili mikono hutetemeka na jasho hudondoka, na hapo ndipo mwalimu humwonyesha kwa nini wahudumu hupokezana. Aliyechoka hudhani bado anakandamiza vyema, kumbe kina kimepungua.

Mwanafunzi hujifunza pia kubeba. Kumbeba mtu kwenye machela ni kazi ya hesabu: nani yuko kichwani, nani anatoa amri, nani anaangalia miguu. Aliyeanguka kutoka juu au aliyegongwa na gari huchukuliwa kuwa ameumia shingo mpaka ithibitike vingine. Kichwa, shingo na mgongo huhamishwa vikiwa mstari mmoja. Kofia ngumu ya mwendesha pikipiki haivuliwi kwa kuvutwa. Huachwa mahali pake, isipokuwa inaizuia njia ya hewa, na hapo huvuliwa na watu wawili, mmoja akiishika shingo. Mwanafunzi mmoja, ambaye baba yake ni mwendesha bodaboda, alitueleza kwamba hilo ndilo somo alilolipeleka nyumbani siku ileile, kwa sababu kijiweni kwao desturi ilikuwa kuivua kofia kwanza ili kumtambua aliyeanguka.

Tena, tiba ya dharura si ajali tu. Mwanafunzi hujifunza kumpokea mtoto anayezaliwa njiani: kutomvuta, kumfuta akauke, kumlaza kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, kumfunika kichwa, na kuiangalia damu ya mama, maana hatari kubwa mara nyingi huja baada ya mtoto kulia. Hujifunza kumlaza ubavu wa kushoto mama mjamzito anayesafirishwa, ili mimba isiulemee mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Hujifunza kupoza mahali palipoungua kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, bila dawa ya meno, bila mafuta ya kula, bila unga.

Usiku wodini, mchana garini

Baada ya darasa huja zamu. Mwanafunzi hupelekwa kwanza katika idara ya majeruhi ya hospitali, kisha garini, daima chini ya macho ya mwalimu au mhudumu mzoefu. Hapo hukutana na mambo ambayo mwanasesere hakuyasema. Mwanasesere hana harufu ya damu wala ya pombe. Mwanasesere hana mama anayemshika mwanafunzi mkono na kumwuliza kama mwanawe atapona.

Katika zamu hizi mwanafunzi hujifunza ulimi. Hufundishwa kujitambulisha kwa jina, kumwita mgonjwa kwa heshima ya umri wake, kumweleza kila jambo kabla ya kumgusa, na kutoahidi asichokimiliki. Hamwambii mzazi kwamba mtoto atapona. Humwambia kwamba yuko naye, kwamba anapumua, na kwamba wanaelekea kwa daktari. Kwa Kampala na miji yetu mingine, ambako watu wa lugha nyingi huishi pamoja, mhudumu mwenye maneno machache ya Kiganda, Kiswahili, Kiacholi au Kinyankole hupata habari za ugonjwa haraka kuliko mwenye vifaa vya bei.

Hujifunza pia kukabidhi. Mlangoni mwa hospitali mhudumu hana nafasi ya kusimulia hadithi ndefu. Husema mambo manne: nini kilitokea na saa ngapi, majeraha gani yameonekana, mapigo ya moyo na upumuaji vikoje, na huduma gani imekwisha kutolewa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika; ukimkabidhi anayepumua mara 36, idadi hiyo peke yake humfanya daktari aondoke alipokaa. Wanafunzi husema kwamba makabidhiano ya kwanza huwatoa jasho kuliko mikandamizo ya kifua.

Na hujifunza kushindwa. Hata utaratibu ukifuatwa wote, wako wagonjwa watakaokufa mikononi mwake. Mwanafunzi aliyepoteza mgonjwa wa kwanza hukalishwa chini na walimu wake; tukio hupitiwa hatua kwa hatua, si kwa kumtafuta wa kulaumiwa, bali ili kutenganisha yaliyokuwa ndani ya uwezo wake na yasiyokuwamo. Kisha huulizwa kama amekula, kama amelala, na nani yuko naye nyumbani. Jambo hili linatuhusu sana sisi askari, ambao tunayaona mauti barabarani na majumbani mwaka hadi mwaka. Kuzungumza juu ya uliyoyaona si unyonge. Ni namna ya kubaki mzima ili kesho uweze kumwokoa mwingine.

Mfano kutoka Pittsburgh

Wako wanaodhani kwamba nchi tajiri zilikuwa na wahudumu hawa tangu zamani. Sivyo. Huko Marekani, katika mji wa Pittsburgh, hadi katikati ya miaka ya 1960 majeruhi na wagonjwa walibebwa na magari ya polisi. Askari walimweka mgonjwa nyuma ya gari na kuendesha mbio. Huko nyuma mgonjwa hakuwa na wa kumtazama. Novemba 1966, David Lawrence, aliyewahi kuwa meya wa mji huo na gavana wa jimbo la Pennsylvania, alianguka akihutubia mkutano, akapelekwa hospitalini kwa namna hiyo, na baadaye akafariki.

Daktari Peter Safar, mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa ufufuaji wa moyo na mapafu, aliamini kwamba ujuzi huo ungeweza kufundishwa kwa watu wasio madaktari. Mwaka 1967 ilianzishwa Freedom House Ambulance Service. Wanafunzi wake hawakuchaguliwa kutoka vyuo vikuu. Walikuwa Wamarekani Weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao vijana waliokosa kazi na ambao jamii iliwaona hawafai. Walifundishwa kwa saa zipatazo 300: maumbile ya mwili, upumuaji, majeraha, uzazi na uendeshaji wa gari. Wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza nchini humo kutoa tiba ya hali ya juu ndani ya gari. Daktari Nancy Caroline, aliyewaongoza baadaye, aliandika kitabu cha mafunzo kilichotumika kwa miongo mingi. Mwaka 1975 mji ulianzisha huduma yake na Freedom House ikafungwa, lakini njia waliyoichonga ndiyo inayofuatwa hadi leo.

Tunaikumbuka habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, gari la polisi ni msaada pale ambapo hakuna gari jingine, lakini mbio peke yake si tiba. Ya pili, vijana waliokaa kijiweni bila kazi waweza kuwa waokoaji wa mtaa uleule unaowaogopa.

Hapa kwetu jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Mjini Kampala watu 307, wakiwamo askari polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mabaraza ya mitaa, walifundishwa huduma ya msingi kwa majeruhi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Walipofuatiliwa baada ya miezi sita, karibu wote walikuwa wamekwisha kutumia angalau moja ya mambo waliyofundishwa. Yaliyotumika zaidi yalikuwa kuzuia damu, kumlaza mgonjwa kwa ubavu, na kumbeba kwa usalama. Hawakuwa na gari la wagonjwa. Walikuwa na mikono iliyofundishwa.

Uhai kwanza, ushahidi pamoja nao

Pana jambo linalowatia wananchi wasiwasi, nasi tunapenda kulieleza wazi. Wengi huogopa kumgusa majeruhi wakidhani kwamba polisi watawafanya washukiwa, au kwamba watakuwa wameharibu ushahidi. Kumsaidia aliyeumia si kosa. Askari atakayefika atakuuliza uliona nini na ulifanya nini, kwa sababu wewe ni shahidi mwenye thamani.

Mwanafunzi wa tiba ya dharura hufundishwa kuuheshimu ushahidi bila kuuchelewesha uhai. Akilazimika kukata nguo, hupitisha mkasi kando ya tundu la kisu au la risasi, si katikati yake. Nguo hizo haziachi zitupwe, humkabidhi askari. Akikihamisha kitu ili amfikie mgonjwa, hukumbuka kilikuwa wapi na humweleza mpelelezi. Naye askari, kwa upande wake, hulinda eneo, hufungua njia ya gari kuingia na kutoka, na huuliza maswali yake wakati ambapo hayatamzuia mhudumu kufanya kazi.

Lipo pia suala la fomu. PF3 ni fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu. Kazi yake ni kuhifadhi kumbukumbu za majeraha kwa ajili ya sheria. Si tiketi ya kuingilia hospitalini. Hati ya haki za wagonjwa ya Uganda ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtu aliye katika dharura kupata huduma bila masharti. Basi anayevuja damu apelekwe hospitalini moja kwa moja, fomu itafuata.

Kabla gari halijafika

Kutokana na yote anayofundishwa mwanafunzi, haya yafuatayo yanaweza kufanywa na mwananchi yeyote, na tunaomba yasomwe kwa sauti katika mikutano ya mitaa, vijiweni na makanisani na misikitini.

1. Simama, tazama, kisha sogea. Zuia magari kwa matawi, taa au watu wawili waliosimama mbali pande zote mbili. Penye mafuta yaliyomwagika, ondoka na uwaondoe wengine.

2. Piga simu 999 au 112. Sema mahali kwa alama inayojulikana: jina la soko, shule, kanisa, msikiti au kituo cha mafuta. Sema idadi ya walioumia na kama wanapumua. Usikate simu mpaka uambiwe.

3. Zuia damu kwa kukandamiza kwa nguvu, bila kuchungulia.

4. Asiye na fahamu lakini anapumua, mlaze kwa ubavu, uso ukielekea chini kidogo, matapishi yasimzibe koo. Ukidhani shingo imeumia, mgeuze kwa msaada wa wenzako, kichwa na mwili vikienda pamoja.

5. Asiyepumua, anza kukandamiza kifua, na mpokezane.

6. Usimnyweshe maji wala soda mtu aliyeumia vibaya. Huenda akahitaji upasuaji, na akipoteza fahamu kinywaji hicho kitaingia mapafuni.

7. Usimkunje majeruhi katikati ya watu wawili juu ya bodaboda iwapo yapo matumaini ya gari. Kama hakuna gari na hali haingoji, tafuteni gari lolote lenye nafasi ya kumlaza.

8. Dereva aliyegonga asipigwe. Mkabidhini kwa polisi. Kila mkono unaompiga ni mkono uliotoka kwa majeruhi.

Wito wetu

Mwanafunzi wa tiba ya dharura akihitimu hupewa cheti, lakini cheti hicho hakifupishi barabara iliyo kati yake na mahali pa ajali. Atafika baada ya dakika 10, au 30, na vijijini huenda ikawa zaidi. Akimkuta majeruhi ambaye damu yake imezuiwa, amelazwa kwa ubavu, na njia imefunguliwa, ujuzi wake wote utakuwa na pa kushika. Akimkuta ameachwa alivyoanguka huku umati ukipiga picha, atakuwa amefika na vifaa vyake mahali ambapo kazi imekwisha.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa mitaa, vyama vya waendesha bodaboda, walimu na viongozi wa dini waliofikiria kuandaa mafunzo ya huduma ya kwanza wafike katika ofisi ya uhusiano na jamii ya kituo cha polisi kilicho karibu nao, ili tutafute wakufunzi pamoja. Mzazi ambaye mwanawe anaulizia kazi hii asimkatishe tamaa kwa kuwa hataitwa daktari. Na wewe, ndugu msomaji, unapolisikia gari la wagonjwa nyuma yako, sogea kando upesi na usilifuate. Umati haubebi machela. Mkono mmoja unaojua mahali pa kukandamiza unatosha kuanza.